Je, Mtoto Huyu Hana Akili? Mazingira ya Jamii na Mafanikio ya Mtoto Shuleni

Katika kila shule ya msingi ya nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, kama ilivyo katika shule nyingine zote nchini, hufika siku ambayo matokeo ya mtihani wa darasa la saba hutangazwa. Majina ya waliofaulu husomwa kwa furaha. Kuhusu waliosalia, neno moja hutamkwa upesi na watu wengi, wakiwamo wazazi wao wenyewe: "Huyu hana akili ya masomo." Neno hilo ni fupi, lakini uzito wake ni mkubwa, maana mtoto aliyeambiwa hivyo mara kwa mara huliamini, na akishaliamini huacha kujaribu.

Sayansi haipendi hukumu ya haraka. Mwanasayansi akiona kipimo kimetoa jibu, huuliza kwanza: je, kipimo hiki kinapima kile tunachodhani kinapima? Mizani iliyoharibika haimfanyi mwenye maharagwe kuwa mwizi. Katika makala haya tutafuata kazi ya mtaalamu mmoja wa elimunafsi aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kuliuliza swali hilo kuhusu watoto wa Afrika. Kisha tutatazama utafiti uliofanywa Kenya na hapa Tanzania, na mwisho tutarudi katika madarasa ya Kibondo ili kuona walimu na wanafunzi wanaweza kujifunza nini.

Waya, kalamu na udongo

Mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Zambia kupata uhuru, kijana Mwingereza aitwaye Robert Serpell alifika Lusaka kufanya kazi ya utafiti katika chuo kikuu kipya cha nchi hiyo. Wakati huo lilikuwapo fumbo lililowasumbua wataalamu. Watoto wa Kiafrika walipopewa majaribio ya kunakili michoro na kutambua maumbo katika picha, mara nyingi walipata alama za chini kuliko watoto wa Ulaya. Baadhi ya wataalamu walieleza kuwa watoto hao walikuwa na upungufu katika uwezo wa kutambua maumbo kwa macho.

Serpell hakuridhika na maelezo hayo. Aliona kuwa watoto wa Lusaka, hasa wavulana, walikuwa wakijitengenezea magari ya kuchezea kwa vipande vya waya, yenye magurudumu, usukani na muundo uliofuata kwa uangalifu umbo la magari halisi. Je, mtoto asiyeweza kutambua maumbo angewezaje kuunda gari la namna hiyo?

Akapanga jaribio, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 1979. Watoto wa Lusaka na watoto wa Manchester, Uingereza, walitakiwa kunakili maumbo kwa njia mbalimbali. Matokeo yalikuwa haya:

(a) Kwa kalamu na karatasi, watoto wa Manchester walifanya vizuri zaidi.

(b) Kwa waya, watoto wa Lusaka walifanya vizuri zaidi.

(c) Kwa udongo wa kufinyanga, ambao watoto wa pande zote mbili waliuzoea, hapakuwa na tofauti ya maana.

(d) Kwa kuiga mikao ya mikono, hapa pia hapakuwa na tofauti ya maana.

Hebu tuyapime matokeo hayo kwa akili ya kisayansi. Kama kundi moja lingekuwa na upungufu wa jumla katika kutambua maumbo, lingeshindwa katika njia zote nne. Halikushindwa. Ushindi ulihama kutoka kundi moja hadi jingine kwa kadiri ya kifaa kilichotumika. Kwa hiyo tofauti haikutokana na macho wala ubongo, bali mazoea. Mtoto aliyekua na kalamu mkononi alikuwa hodari wa kalamu, na aliyekua na waya mkononi alikuwa hodari wa waya. Jaribio la kalamu peke yake lilikuwa limepima mazingira, likadhaniwa limepima akili.

Kutokana na mawazo ya namna hiyo, wataalamu wa Zambia baadaye walitengeneza kipimo kiitwacho Panga Munthu, maana yake "tengeneza mtu". Mtoto hupewa udongo na kuombwa afinyange umbo la mtu. Kazi yake husahihishwa kwa kuhesabu sehemu za mwili alizozikumbuka na jinsi alivyozipanga. Kipimo hicho hakimdai mtoto ustadi wa kitu ambacho hajawahi kukishika.

Maana ya neno "akili" kijijini

Jaribio la Lusaka lilijibu swali moja, likazaa jingine. Ikiwa shule inapima aina moja tu ya ustadi, wazazi wa vijijini wao hupima nini wanaposema kuwa mtoto fulani ana akili?

Katika miaka ya 1970 Serpell alikwenda wilaya ya Katete, mashariki ya Zambia, katika vijiji vya Wachewa. Hakuanza kwa kuwapa watoto mtihani. Aliwauliza wazee wanaowajua watoto hao: ikitokea jambo muhimu, ni yupi kati ya hawa ungemtuma? Kwa nini huyu na si yule? Majibu yalimwongoza kwenye neno la Kichewa "nzelu". Neno hilo hufasiriwa kama akili, lakini lina pande mbili. Upande mmoja ni wepesi wa kuelewa na ujanja. Upande wa pili ni utii wenye busara, yaani kuweza kutumwa na kuaminiwa. Mtoto mwepesi wa kuelewa lakini asiyetumika hakuhesabiwa kuwa na nzelu kamili. Ujanja usio na uwajibikaji waliuona kuwa ni hatari.

Serpell alifuatilia maisha ya kundi la watoto hao kwa zaidi ya miaka 10, hadi walipokuwa watu wazima. Alichapisha matokeo katika kitabu mwaka 1993. Aligundua kuwa sifa ambazo wazee walizithamini na alama ambazo shule ilizitoa hazikwenda pamoja sana. Shule ilimchagua mmoja, kijiji kilimwamini mwingine. Tena, shule ilikuwa kama ngazi nyembamba: kila kipandio kiliwaangusha wengi, na wengi wa walioanguka walijihesabu wenyewe kuwa ndio wenye kasoro. Hawakufikiri kwamba ngazi yenyewe haikujengwa ili wote wapande.

Huenda msomaji akauliza: je, hayo ni ya Wachewa tu? La. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970, Sara Harkness na Charles Super waliishi Kokwet, jumuiya ya Wakipsigis katika magharibi ya Kenya. Huko nako walikuta kuwa watu hutenganisha mtoto mwenye akili ya mambo ya nyumbani na mtoto mwenye akili ya shule. Mwenye akili ya nyumbani ni yule anayeona kazi inayotakiwa na kuifanya bila kusubiri kuambiwa. Kwa Wajaluo watafiti walikuta neno "rieko" likihusu ujuzi, likiambatana na maneno mengine yanayotaja heshima, juhudi na ufahamu wa namna ya kutenda jambo.

Jambo la kushangaza zaidi lilionekana karibu na Kisumu. Robert Sternberg na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, waliwapima watoto 85 wa umri wa miaka 12 hadi 15 kuhusu ujuzi wa dawa za mitishamba zinazotumika nyumbani. Mtu angetarajia kuwa mtoto mwenye akili angefanya vizuri katika kila jambo. Lakini walioelewa zaidi dawa hizo walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya namna ya shule. Maelezo ya watafiti yalikuwa kwamba muda wa mtoto una mpaka. Familia inayomwandaa mtoto kwa maisha ya kijijini hutumia muda huo kumfundisha mambo ya kijijini, na familia inayotumaini shule hufanya kinyume chake. Kwa hiyo alama za mtoto zinatuonyesha pia jamaa zake waliwekeza wapi matumaini yao.

Jaribio la Bagamoyo

Tugeukie sasa Tanzania. Karibu na Bagamoyo, Sternberg, Elena Grigorenko na watafiti wa Kitanzania walifanya jaribio lililochapishwa mwaka 2002. Lilihusu watoto 358 wa miaka 11 hadi 13, pamoja na kundi la kulinganisha. Mtihani wa kawaida hupima kile ambacho mtoto anakijua leo. Watafiti hawa walitaka kujua jambo jingine: mtoto akifundishwa kidogo, atajifunza kiasi gani?

Watoto walipewa mtihani, kisha wakafundishwa mbinu kwa muda mfupi, usiotimia saa moja, halafu wakapimwa tena. Kundi la kulinganisha lilipimwa mara mbili bila mafundisho hayo. Moja ya kazi walizopewa ulikuwa mchezo wa maswali, ambamo mtoto hutakiwa kugundua kitu kilichofikiriwa kwa kuuliza maswali yanayojibika kwa "ndiyo" au "siyo".

Tuufafanue mchezo huo kwa mfano. Tuseme mezani ziko picha 16. Mtoto anayebahatisha picha moja moja anaweza kuhitaji hadi maswali 15. Lakini aliyeonyeshwa kuwa swali zuri ni lile linalogawa picha katika nusu mbili atauliza: "Je, ni kitu chenye uhai?" Picha zitapungua kutoka 16 hadi 8, kisha 4, kisha 2, kisha 1. Maswali 4 yametosha. Tofauti ya 15 na 4 haikuwa tofauti ya ubongo. Ilikuwa mbinu ambayo mtu mzima anaweza kuionyesha kwa dakika chache.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa Bagamoyo. Watoto waliofundishwa waliendelea mbele kuliko wale wa kundi la kulinganisha. Zaidi ya hayo, mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa mwisho ulibadilika sana baada ya mafundisho. Mtoto aliyekuwa nyuma asubuhi hakuwa lazima awe nyuma baada ya kufundishwa. Kama mwalimu angewachagua watoto kwa mtihani wa kwanza peke yake, angewaacha nje wengi wenye uwezo mkubwa wa kujifunza.

Darasa la Kibondo

Kwa mwanga huo, tumtazame mtoto wa Kibondo. Nyumbani husema Kiha. Akiingia darasa la kwanza hukuta Kiswahili. Akifaulu kwenda sekondari hukuta Kiingereza. Katika kila mlango mkubwa wa elimu yake hudaiwa lugha nyingine kabla ya kudaiwa maarifa. Mwenzake wa Dar es Salaam, aliyelelewa kwa Kiswahili, amepunguziwa mlango mmoja. Wawili hao wakipata alama tofauti katika hesabu za maneno, hatuwezi kusema mara moja kuwa tofauti hiyo ni ya hesabu.

Mipaka ya Kibondo yenyewe imetupa mfano wa kufikirisha. Kiha na Kirundi ni lugha zinazofanana mno. Wakimbizi kutoka Burundi waliingia mkoa wa Kigoma mwaka 1972, tena mwaka 1993, na tena mwaka 2015, ambapo kambi ya Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa upya. Watoto wa kambini walisoma kwa mtaala wa Burundi, ambao huanza kwa Kirundi, kisha Kifaransa. Basi watoto wawili waliokaa umbali wa matembezi mafupi, wenye lugha za nyumbani ambazo ni kama ndugu, walianza kusoma kwa njia mbili tofauti kabisa. Mmoja alijifunza herufi katika lugha ya mama yake, mwingine katika lugha ya pili. Lakini huyu wa pili aliishi kwao, na wa kwanza aliishi uhamishoni. Mazingira hayana uzi mmoja, ni kitambaa cha nyuzi nyingi.

Uzi mwingine ni kazi na historia. Wakati wa ukoloni nchi ya Waha ilitumika kama ghala la nguvu kazi, na wanaume wengi walikwenda mbali kufanya kazi ya manamba katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1972 ulianza mpango wa kuwakusanya watu wa Kigoma katika vijiji, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ilitangazwa nchini kote. Shule zikasogea karibu na nyumba. Hata hivyo mtoto aliendelea kuwa mfanyakazi wa nyumbani: achote maji, alee mdogo wake, alinde mahindi dhidi ya nyani. Kazi hizo si za kudharauliwa, kwani ndizo zinazojenga ule upande wa pili wa nzelu. Lakini mtihani hauzihesabu, nao hutumia saa ambazo mwenzake huzitumia kusoma.

Uzi wa tatu ni afya na msiba. Uchunguzi wa watoto wa shule wa Tanzania, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kuwa wenye kichocho kikali walikuwa na kumbukumbu dhaifu zaidi ya muda mfupi, na walikawia zaidi katika kujibu. Nako Kagera, mkoa unaopakana na Kigoma kwa upande wa kaskazini, familia zilizofuatiliwa kuanzia mwaka 1991 hadi 1994 zilionyesha kuwa mtu mzima alipokaribia kufa nyumbani, saa za wasichana kuwapo shuleni zilipungua sana. Mtihani haukuwa na mahali pa kuandika: "Huyu alikuwa akimuuguza mama yake."

Shule inaweza kufanya nini?

Isidhaniwe kuwa tumesema mazingira ni minyororo isiyokatika. Shule nayo ni mazingira, na mwalimu ni sehemu yake kubwa. Mfano mzuri umetoka Mpika, mji wa Zambia ulio kwenye reli ya TAZARA. Huko walimu wa shule moja ya msingi walifuata mpango wa Mtoto kwa Mtoto, ulioanzishwa mwaka 1978 katika maandalizi ya Mwaka wa Kimataifa wa Mtoto. Wanafunzi walipangwa katika vikundi vyenye wavulana na wasichana, wepesi na wazito, wakisaidiana. Kazi ya kulea wadogo, ambayo kwingine huhesabiwa kuwa kizuizi cha masomo, iliingizwa ndani ya somo. Wanafunzi walifuatilia ukuaji wa watoto wadogo wa jirani, wakapima uzito, wakachora grafu na kujadili chakula na magonjwa. Hesabu na sayansi zilifundishwa kwa jambo ambalo mtoto alilijua tayari. Serpell na wenzake waliwatafuta baadhi ya wanafunzi hao walipokuwa watu wazima, na wengi walieleza kuwa moyo wa kushirikiana na kuwajali wengine waliupata hapo.

Tahadhari moja inafaa. Hakuna mtafiti kati ya tuliowataja aliyethibitisha kuwa watoto wote wako sawa katika kila jambo. Tofauti za mtu na mtu zipo, hata kati ya ndugu wa tumbo moja. Walichothibitisha ni kwamba mtihani mmoja, wa siku moja, kwa lugha moja na kifaa kimoja, hauwezi kutuambia tofauti hizo zimetoka wapi. Mitihani itaendelea kuwapo, maana nafasi zina idadi. Lakini kuchagua wa kujaza nafasi ni jambo moja, na kumhukumu binadamu kuwa hana akili ni jambo jingine.

Muhtasari

1. Alama ya mtihani ni matokeo ya uwezo wa mtoto pamoja na mazoea, lugha, afya, muda na matumaini ya jamaa zake.

2. Kundi likishindwa kwa kifaa kimoja na kushinda kwa kingine, sababu itafutwe kwanza katika mazoea.

3. Jamii nyingi za Afrika huhesabu uwajibikaji kuwa sehemu ya akili.

4. Kupima kiasi ambacho mtoto anajifunza baada ya kufundishwa hutoa habari ambazo mtihani wa kawaida huzificha.

Maswali na mazoezi

1. Kwa nini jaribio la udongo lilikuwa la lazima katika utafiti wa Lusaka? Hitimisho lingekuwaje kama Serpell angetumia kalamu na waya tu?

2. Eleza kazi ya kundi la kulinganisha katika jaribio la Bagamoyo. Lisingekuwapo, ni pingamizi gani ingeweza kutolewa?

3. Waulize wazee watatu wa kijijini kwenu ni neno gani hutumika katika lugha yao kumsifu mtoto mwenye akili, nao watoe mifano ya matendo yake. Yalinganisheni majibu darasani. Je, uwajibikaji umo?

4. Kwa muda wa juma moja, kila mwanafunzi aandike saa anazotumia kwa kazi za nyumbani, kutembea kwenda shule, na kujisomea. Chora grafu ya darasa zima, ya wasichana na wavulana mbalimbali. Jadilini grafu hiyo pamoja na mwalimu wenu, kisha mpendekeze jambo moja ambalo shule inaweza kulibadili katika muhula ujao.

5. Kwa mwalimu: chagua mada moja ambayo wanafunzi wengi wameikosa. Wapime, wafundishe mbinu moja kwa dakika 30, kisha wapime tena kwa maswali mengine yenye ugumu ule ule. Andika majina ya waliosogea mbele zaidi, na utazame ni wangapi kati yao uliokuwa umekwisha kuwakatia tamaa.